Shangazi Aliyezikwa Mbali

Mwaka 1895, katika mji wa Ann Arbor nchini Marekani, mwanamke mshonaji alimwambia daktari Aldred Warthin kwamba angekufa mapema kwa saratani ya tumbo au ya kizazi, kwa kuwa watu wengi wa kwao walikufa hivyo. Kweli alifariki mapema, kwa saratani ya mji wa mimba. Warthin hakuwa na kipimo chochote cha kuthibitisha maneno yale. Aliandika nani kamzaa nani, nani kafa na kwa ugonjwa gani, na mwaka 1913 akachapisha habari za ukoo huo. Daktari Henry Lynch wa Omaha alichapisha habari za koo nyingine mbili mwaka 1966, na wenzake wengi hawakumwamini. Jeni ya MSH2 ilitambuliwa mwaka 1993. Mwaka 2000 ikaonekana kuwa ndiyo yenye hitilafu katika ukoo wa mshonaji yule. Maneno yake yalitangulia maabara kwa zaidi ya miaka mia moja.

Ndiyo maana nashikilia kwamba uchunguzi wa saratani ya kurithi, ikiwemo ya njia ya mkojo, unaweza kuanzia leo hapa Manga, katika nchi ya Abagusii huku Kenya, kwa maswali ya nasaba. Ila maswali hayo yakiulizwa nusu, huficha ugonjwa. Vigezo vya Amsterdam vya kutambua koo zenye saratani hii ya kurithi, vilivyochapishwa mwaka 1991, vilihesabu saratani ya utumbo mpana peke yake. Ile ya mrija unaoshusha mkojo kutoka kwenye figo, ya beseni la figo na ya mji wa mimba ziliongezwa mwaka 1999. Kwa miaka minane, mwanamume mwenye uvimbe kwenye mrija huo, aliyezika dada kwa saratani ya kizazi, hakuingia kwenye hesabu. Ugonjwa wake haukuwa umejificha. Aliyehesabu ndiye ambaye hakuuliza.

Abagusii wana hazina ambayo Warthin alilazimika kuikusanya jina kwa jina. Mtu hukua akijua egesaku chake, yaani ukoo wa upande wa baba, maana haruhusiwi kuoa ndani yake, na makaburi ya baba na babu yako papo hapo bomani. Lakini egesaku hufuata wanaume, na jeni haifuati. Mzazi mwenye hitilafu ya jeni kama ile ya ukoo wa mshonaji, awe baba au mama, humrithisha kila mtoto kwa uwezekano wa nusu kwa nusu. Shangazi aliyeolewa mbali, huko Bomachoge, amezikwa kwa mumewe, na pengine kilichomuua kilitajwa kwenye tangazo la msiba kama kuugua kwa muda mrefu, basi. Ndugu wa mama nao ni wa ukoo mwingine kabisa. Mzee anaweza kutaja mababu hadi mbali na bado akakosa wanawake wawili ambao vifo vyao vingemwambia daktari kila kitu. Swali la maana zaidi liko ujombani na kwa mashangazi.

Wapo watakaosema saratani nyingi za njia ya mkojo hazirithiwi, na ni kweli: tumbaku ndiyo chanzo kikubwa, na katika pwani yetu kichocho cha mkojo huchangia ile ya kibofu. Kwa sababu hiyohiyo sitaki kila mgonjwa apimwe jeni. Maswali ndiyo yachuje. Aliyepata uvimbe wa mrija au beseni la figo kabla ya miaka 60, au mwenye ndugu wa karibu waliougua utumbo au kizazi, kinyama chake kipakwe rangi maalumu ya kuonyesha protini nne zinazotokana na MSH2 na jeni za aina yake. Chini ya hadubini, viini vya seli zenye protini hugeuka kahawia; vya uvimbe ulioipoteza hubaki vya buluu, na hapo kipimo cha damu kina sababu. Kujua kuna faida: nchini Finland, watu wa koo zenye saratani hii ya kurithi waliochunguzwa utumbo kwa kamera kila miaka mitatu walipata saratani ya utumbo chini ya nusu ya wasiochunguzwa. Kwa mrija wa mkojo ushahidi wa namna hiyo bado ni dhaifu, na mgonjwa aambiwe hivyo.

Pingamizi zito zaidi ni la hapa nyumbani. Mei 2008 watu 11, wengi wao wazee, waliteketezwa Kisii kwa tuhuma za uchawi; Oktoba 2021 wanawake wanne wakauawa Marani kwa tuhuma hizohizo. Je, kusema ugonjwa uko ndani ya familia hakutachochea hayo? Naona hatari hiyo, na sidhani jeni itamaliza tuhuma. Lakini ndugu watatu wakifuatana kaburini bila jina la ugonjwa, anayetafutwa ni mtu. Muuguzi aulize faraghani, na majibu yalindwe: sheria ya Kenya ya 2019 ya kulinda data inahesabu taarifa za jeni kuwa nyeti. Mgonjwa anayekojoa damu bila maumivu, anaposhuka kutoka Manga kwenda Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Kisii, aulizwe kwa upole: mama yako alizaliwa wapi, na dada zake walikufa na nini?