Kwa nini mfumo wa tovuti hugawanywa vipande

Msikilizaji wetu, mfumo wa tovuti ukijengwa kama kitu kimoja, sehemu moja ikiharibika vyote vinaweza kusimama. Agosti 2008 hifadhidata ya Netflix, kampuni ya Marekani, iliharibika. Kwa siku tatu haikuweza kuwapelekea wateja DVD. Ikahamia mitambo ya kukodi na kuugawa mfumo kuwa mamia ya huduma ndogo. Uhamisho ulikamilika Januari 2016.

Tunaposema vipande, tuna maana kila sehemu inafanya kazi yake, inatunza data zake, na inawasiliana na nyingine kwa ujumbe wa muundo uliokubaliwa. Hivyo fundi hutengeneza malipo bila kugusa usajili, na malipo yakikwama, bei za mazao bado utazisoma kwenye simu yako.