Safari ya kura ya urais: Kutoka kituoni hadi Mahakama ya Juu

UCHAGUZI Mkuu nchini Kenya hufanyika Jumanne ya pili ya Agosti, kila mwaka wa tano. Mpigakura hupewa karatasi sita: za rais, gavana, seneta, mbunge, mwakilishi wa wanawake na mwakilishi wa wadi. Makala haya yanaifuata ya urais, kwani ndiyo iliyowahi kuitumbukiza nchi katika maafa.

Tuchukue mfano wa mkazi wa Kawangware, jijini Nairobi. Kura yake huhesabiwa papo hapo kituoni, mbele ya mawakala wa wagombeaji. Msimamizi wa kituo huandika matokeo katika Fomu 34A, mawakala wakatia saini, na nakala hubandikwa hadharani. Fomu hizo hujumlishwa katika Fomu 34B ya eneo bunge, hapa Dagoretti Kaskazini. Tume ya uchaguzi, IEBC, hujumlisha zote katika Fomu 34C. Mwaka 2013, 2017 na 2022, kazi hiyo ilifanyiwa ukumbi wa Bomas, Lang'ata.

Mshindi sharti apate zaidi ya nusu ya kura zote, na angalau asilimia 25 katika kaunti 24 kati ya 47. Asipopatikana, wawili wanaoongoza hurudi debeni katika siku 30. Tume ina siku saba kutangaza matokeo. Asiyeridhika ana siku saba kwenda Mahakama ya Juu, nayo huamua katika siku 14.

Masharti haya yalizaliwa na machungu. Desemba 2007, matokeo yaliyotangazwa jumba la KICC yalipingwa kuwa hayakulingana na ya maeneo bunge. Zaidi ya watu 1,000 waliuawa katika ghasia zilizofuata. Katiba ya 2010 ikaleta Mahakama ya Juu, ambayo Septemba 1, 2017 ilifuta ushindi wa Uhuru Kenyatta kwa kuwa upeperushaji wa matokeo ulikiuka sheria.

Mwaka 2022, tume iliweka Fomu 34A kwenye tovuti yake. Makamishna wanne kati ya saba walipoyakana matokeo, mahakama ililinganisha fomu hizo na zile halisi, haikuona tofauti kubwa, ikaidhinisha ushindi wa William Ruto.

Kwa hivyo, ushahidi wa kwanza wa kura hauko Bomas wala mahakamani. Umebandikwa kituoni, na kila mwananchi ana haki ya kuusoma.