Udongo ulipimwa, mgongo haukupimwa: somo la tathmini kutoka Mbinga

Kuna mama aliwahi kuninyamazisha kwa swali moja tu. Ilikuwa katika kijiji kimoja cha mwambao wa Ziwa Nyasa, upande wa Ruvuma, na mimi nilikuwa nakusanya data za tathmini ya mradi fulani. Nilikuwa na kishikwambi mkononi na maswali zaidi ya mia. Tulipofika katikati akaniambia, "Mwanangu, wenzako walikuja mwaka juzi wakaniuliza haya haya. Majibu niliyowapa yaliishia wapi?" Nikamjibu kwamba nitauliza ofisini. Niliuliza kweli, na hakuna aliyejua.

Kutathmini mradi ni kuchunguza kama umeleta mabadiliko yaliyotarajiwa, kwa nani, na kwa gharama gani. Wengi tunadhani kazi hii imeletwa na miradi ya siku hizi. Kumbe Mbinga watu walikuwa wanapimwa tangu ukoloni. Twende tuone.

Toka ziwani upande hadi kwa Wamatengo. Huko miteremko ni mikali, mvua ni nyingi, na bado watu wamelima kwa vizazi bila udongo wote kuishia bondeni. Siri yao ni ngoro. Mvua zinapokaribia kuisha, mnamo Machi, nyasi ndefu hufyekwa, zikaachwa zikauke, kisha zikapangwa mistari inayokatizana hadi shamba lote liwe na miraba. Halafu udongo huchimbwa katikati ya kila mraba na kufunika zile nyasi. Kinachobaki ni shimo lenye upana wa kama mita moja na nusu hadi mbili, limezungukwa na matuta. Maharage hupandwa juu ya matuta, na baadaye hufuata mahindi. Mvua ikinyesha, maji hutulia shimoni badala ya kukimbia na udongo, na nyasi zilizofukiwa zinaoza na kuwa mbolea.

Mwaka 1938, A. H. Pike alichapisha makala kuhusu Wamatengo na hifadhi ya udongo katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Wakati huo hofu ya mmomonyoko ilikuwa imewakamata watawala wa Afrika Mashariki yote. Mashimo ya wakulima wa Mbinga yakaingia kwenye maandishi kama mfano wa kilimo kinachotunza ardhi.

Safi, si ndiyo? Lakini jiulize: nani anachimba? Kwa desturi, wanaume hufyeka na kupanga nyasi, na wanawake ndio wanaoshika jembe. Kahawa ilipoingia, muda wa wanaume ukahamia kwenye mibuni, na jembe la ngoro likabaki mikononi mwa mama. Ukitathmini kwa kipimo cha udongo, ngoro inafaulu. Ukitathmini kwa kipimo cha mgongo wa anayechimba, jibu linaweza kuwa jingine. Shamba ni lile lile. Kilichobadilika ni rula.

Kushika rula vibaya kuna gharama. Katika milima ya Uluguru, Morogoro, serikali ya kikoloni iliwalazimisha wakulima kuchimba matuta ya ngazi. Waluguru waliona jasho linawatoka na udongo usio na rutuba unaletwa juu. Mwaka 1955 zikazuka ghasia, na mpango ukaachwa.

Sasa rudi Mbinga, kijiji cha Kindimba. Kuanzia miaka ya 1990, watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) na wenzao wa Chuo Kikuu cha Kyoto, kwa msaada wa shirika la Kijapani la JICA, walifanya kazi huko. Wao walikuwa na hamu na misitu, ardhi na ngoro. Wanakijiji wakataka mashine ya kusaga inayoendeshwa kwa nguvu ya maji. Kwa haraka haraka ungesema hapo mazingira yamewekwa kando. Lakini mashine ya maji inahitaji kijito kisichokauka, na kijito kinahitaji miti kwenye chanzo chake. Vikundi vikaanza kupanda miti, kufuga nyuki na kuchimba mabwawa ya samaki. Kamati ya kusimamia kazi ikaitwa Sengu, jina la desturi ya zamani ya Wamatengo ya kula pamoja na kujadiliana mambo ya ukoo. Mtathmini ambaye fomu yake ina kisanduku cha "magunia yaliyosagwa" tu, hayo yote yangempita.

Mwaka 1991, kamati ya misaada ya nchi za OECD iliorodhesha vigezo vitano vinavyotumika hadi leo: je, mradi unahitajika, umefikia malengo, umetumia rasilimali vizuri, umeleta matokeo gani, na utadumu? Mwaka 2019 kikaongezwa cha sita, kuhusu kuoana na miradi mingine. Ni maswali mazuri. Lakini yanahusu mradi. Hakuna hata kimoja kinachomuuliza mtathmini mwenyewe: uliwarudia waliokupa majibu?

Kwa hiyo wewe unayejiandaa kwenda fildi, kabla hujaandika swali la kwanza kwenye dodoso, weka kwenye bajeti nauli ya kurudi kijijini na ripoti yenye kurasa mbili za Kiswahili. Msimamizi akikuuliza ni za nini, mweleze kuhusu yule mama wa ziwani. Mimi bado nina deni lake.