Buluvari ya 30 Juin mbele ya jicho la foto

Kinshasa iko na barabara nyingi kubwa, lakini mtu akisema "Buluvari" tu, bila kuongeza neno lingine, mara nyingi anasema juu ya ile ya 30 Juin. Inaanza ku Gare Centrale, karibu na bandari, inapita katikati ya komini ya Gombe, inaelekea magharibi upande wa Kintambo. Ni safari ya kilometa tano hivi. Wapenzi wasomaji, mu karatasi hizi tunawaomba mutembee nasi kwa mguu, apareyi ya foto mkononi. Hatutafuti foto ya kupendeza macho. Tunataka kuuliza swali moja: watu waliopiga foto mji huu tangu zamani za Wabelgiji, nani walimtia ndani ya foto, na nani walimwacha inje?

1. Barabara na jina lake

Mu 1881 Stanley alianzisha kituo cha Léopoldville upande wa Kintambo. Pale hapakuwa pori tupu. Wateke na Wahumbu walikuwa na vijiji, machifu na masoko yao mbele yake. Kisha, mu 1898, reli ya kutoka Matadi ilifika, na bandari na maduka makubwa yakaota upande wa mashariki, ku Kinshasa. Mji ukawa na vichwa viwili. Mu 1923 Wabelgiji walikata shauri kuhamisha makao makuu ya koloni kutoka Boma, na mu 1929 yakahama kweli. Katikati ya vichwa vile viwili njo kulijengwa mtaa wa wakubwa ulioitwa Kalina, ambao leo ni Gombe. Barabara kubwa ya kushikamanisha pande zote ikapewa jina la mfalme Albert Ier.

Mkongomani alipita pale mchana kwa kazi, kama boyi, karani au dereva. Usiku shurti arudi ku mitaa ya weusi, ngambo ya eneo lililoachwa makusudi kutenga weupe na weusi. Barabara ilikuwa ya wote kwa kuifagia, haikuwa ya wote kwa kutembea.

Kisha uhuru, jina la mfalme liliondoka na tarehe ikakaa mahali pake. Tunaona hapo jambo la akili. Jina la mfalme liko na mwenyewe mmoja, lakini tarehe iko na wenyewe wengi: kila mtu aliyeishi siku ile anaweza kusema, "Na mimi nilikuwako." Basi ushahidi wao uko wapi? Hapo njo apareyi ya foto inaingia mu habari yetu.

2. Apareyi mikononi mwa mgeni

Kati ya wapiga foto wa kwanza waliojulikana sana ku Léopoldville kuko Casimir Zagourski, mtu wa Poland, aliyefika pale mu 1924, akafungua studio, na akaifanya kazi ile mpaka kifo chake mu 1944. Alitembea mbali katika Afrika ya kati na kuuza kadi za posta kwa jina la Kifaransa lenye maana ya "Afrika inayotoweka". Kadi zile ni hazina, hatuwezi kuzidharau: zinatuonyesha usukaji wa nywele, ngoma na mavazi ambayo leo hayapatikani tena. Lakini fikirini kidogo. Wakati alipotafuta Afrika ya kutoweka kule vijijini, Afrika nyingine ilikuwa inazaliwa mu mji alimoweka studio yake: makarani, mafundi wa reli, wapiga mashini, akina mama wa soko. Hao hawakuwa "wanatoweka", kwa hiyo hawakupata nafasi kubwa ndani ya kadi.

Kisha vita ya pili ya dunia, idara ya habari ya serikali ya koloni ilipiga foto nyingi sana. Safari hii mji ulionekana: majengo marefu, hospitali, masomo, motokari. Mkongomani alionekana pia, lakini kama mtu anayefundishwa, anayepimwa, anayeshukuru. Foto haikusema uongo juu ya jengo. Ilinyamaza tu juu ya saa ambayo mtu yule yule alilazimishwa kuondoka ku mtaa wa wazungu.

3. Tarehe 29 Juni 1960

Sasa tusimame kidogo pembeni ya barabara. Siku moja mbele ya uhuru, mfalme Baudouin alifika Léopoldville. Kutoka uwanja wa ndege aliingia mjini ndani ya motokari iliyo wazi, akisimama karibu na rais Kasa-Vubu. Watu walijaa pande zote mbili. Ghafla kijana mmoja, Ambroise Boimbo, alitoka mu watu, akanyakua upanga wa mfalme, akakimbia nao. Alikamatwa upesi na upanga ukarudishwa. Lakini mpiga foto Mjerumani, Robert Lebeck, alikuwa amekwisha kubonyeza.

Tazameni foto ile vizuri, sawa vile tunavyofanya na wanafunzi mu kelasi. Mfalme amevaa nguo nyeupe ya kijeshi. Boimbo amevaa koti na tai. Yule ambaye kadi za posta zilizoea kumwonyesha na ngozi na manyoya amevaa kama karani, na upanga uko mkononi mwake. Hakuitwa ndani ya foto. Aliingia mwenyewe.

Wengine wanasema ilikuwa wizi, wengine wanasema ushujaa. Wazee wetu wangeuliza kwanza: kitu gani kilichukuliwa? Kwetu, mkuki au kiti cha mwami hakikuwa pambo tu. Ndicho alama ya mamlaka yake, na mtu hakigusi hovyo. Anayeshika silaha ya mfalme mbele ya watu anasema neno bila kufungua kinywa. Hata kama Boimbo hakuwaza hivi yote, waliomtazama waliweza kuelewa hivyo. Lakini angalieni pia jambo hili: jina la Lebeck linafuata foto ile popote inapochapwa, jina la Boimbo, wanafunzi wetu wengi hawalijui.

4. Apareyi mikononi mwetu

Haifai kusema kwamba Wakongomani walingojea kupigwa foto tu. Joseph Makula alijifunza kazi hii mu Force Publique, na mu 1956 aliingia Congopresse, mahali palipokuwa mpaka wakati ule kazi ya wazungu. Jean Depara, aliyezaliwa Angola mu 1928 na kufariki mu 1997, alipiga foto za Kinshasa ya usiku: baa, wanamuziki, vijana wenye kujivunia nguo na motokari; alikuwa pia mpiga foto wa Franco. Mu 1971 Ambroise Ngaimoko akafungua Studio 3Z. Mbele ya hao, mtu wa mji alichagua mwenyewe namna ya kusimama. Ndani ya foto zile tunamwona Mkongomani asiyefundishwa na mtu namna ya kucheka.

5. Barabara inabadilika mbio

Foto ina faida nyingine: inashika kile ambacho macho yanasahau. Mu Februari 2005 sanamu ya Léopold II juu ya farasi, iliyoondolewa zamani za Mobutu, ilisimamishwa tena karibu na Gare Centrale. Kisha saa chache tu ikashushwa. Anayetaka kuwaonyesha watoto kwamba jambo hili lilitokea kweli anahitaji foto.

Kuanzia 2008 barabara ilipanuliwa, ikawa na njia nane, na miti iliyoifunika kwa kivuli ikakatwa. Motokari zilipata nafasi. Mtu wa mguu alipoteza kivuli, na kuvuka kukawa hatari. Vijana waliozaliwa kisha kazi zile wanafikiri Buluvari ilikuwa hivi sikuzote. Nani atawaambia? Foto ya 1975 au ya 1990, kama iko mahali.

Hapo tunakuta shida yetu. Kwa miaka mingi kutoa apareyi mu barabara kumekuwa jambo la kutiliwa mashaka. Hata leo, anayepiga foto mbele ya ofisi ya serikali, daraja au uwanja wa ndege anaweza kusimamishwa: "Nani alikupa ruhusa?" Barabara inaitwa kwa siku ya uhuru, lakini mwenyeji anaogopa kuitazama kwa apareyi, na picha zake nyingi za zamani ziko Ulaya.

6. Kazi yetu

Tusizungumze tu juu ya Kinshasa. Sisi watu wa mashariki tunajua namna kumbukumbu inavyopotea. Mu Januari 2002 moto wa Nyiragongo ulifunika sehemu kubwa ya Goma, na nyumba nyingi ziliungua pamoja na albamu zao. Vita na kukimbia viliharibu nyingine. Sasa foto ziko ndani ya telefoni. Telefoni ikiibiwa, ndoa, matanga na ubatizo vinaondoka siku moja.

Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Foto bila maandishi ni mali ya namna ile. Mukisha kuisoma karatasi hii, fungueni sanduku la foto za nyumbani wakati wazee wangali hai. Nyuma ya kila moja muandike vitu vinne kwa kalamu isiyofutika: majina, mahali, mwaka, na nani aliyepiga. Walimu wenzetu wanaweza kufanya zaidi: kila mwaka, siku ya 30 Juni, wanafunzi wapige foto ya barabara ileile ya mtaa wao, kutoka mahali palepale. Kisha miaka kumi, masomo yatakuwa na kitabu cha historia ambacho hakuna mgeni aliyekiandika, na ndani yake akina Boimbo watakuwa na majina yao.