Baba wa Ntare Rushatsi ni nani?

Ntare Rushatsi ndiye mwanzilishi wa ufalme wa Burundi, ila asili yake ina simulizi mbili. Ya Kanyaru, kaskazini, inamfanya uzao wa Gihanga wa Rwanda. Ile ya Nkoma, kusini, inasema babake ni Jabwe, na kwamba Ntare aliingia akitokea Buha, yaani huku huku Kasulu na Kibondo, kwenye kambi zetu. Waandishi wa wakati wa ukoloni waliipenda ya kwanza, maana walitaka wafalme watoke kaskazini. Kila msimulizi humvuta babu upande wake. Basi vijana, kadi ikisema babu ni mwana wa fulani na shangazi akikataa, msifute jina hata moja. Andikeni yote mawili, na pembeni muandike nani kasema, na alikuwa anataka nini.