Wakati Kompyuta Alikuwa Mtu

Mwalimu wangu wa Kiswahili akiona kichwa hicho atachukua kalamu nyekundu. Kompyuta ni ngeli ya I-ZI: inawashwa, inazimwa, inaharibika siku ya kuwasilisha kazi. (Tena angetaka niseme tarakilishi, maana ndilo neno tulilofundishwa shuleni hapa Kenya.) Lakini wacha niitetee hiyo A-WA. Kuanzia karne ya 17 mpaka katikati ya karne ya 20, neno hilo katika Kiingereza lilikuwa jina la kazi. Kompyuta aliamka asubuhi, akaenda ofisini, akashika kalamu, akajumlisha na kutoa hadi jioni. Mwisho wa mwezi alipokea mshahara. Sisi waandishi wa programu tulirithi kazi yake, na jina lake likabandikwa kwenye sanduku.

Nimekuwa nikisoma habari za watu hao kwa sababu siku hizi kila mtu ananiuliza kama akili bandia itaninyang'anya kazi. Jibu la kawaida ni kwamba mashine huua kazi moja na kuzaa nyingine, kwa hivyo tulia. Naona jibu hilo linaruka hatua ya katikati. Kabla mashine haijachukua kazi, mara nyingi watu wenyewe huwa wamekwisha kuikatakata vipande vidogo vidogo.

Haya, twende Ufaransa. Mwanzoni mwa miaka ya 1790 serikali ya mapinduzi ilitaka vipimo vyote vihesabiwe kwa makumi, hata pembe mraba iwe na sehemu 100 badala ya nyuzi 90. Maana yake majedwali yote ya zamani ya hesabu yalihitaji kuandikwa upya. Kama ulisoma shule ya upili hapa kwetu unakikumbuka kile kijitabu chembamba cha majedwali ya logi. Sasa fikiria kukipiga chote kwa mkono, kwa tarakimu nyingi zaidi za desimali. Kazi hiyo alikabidhiwa mhandisi Gaspard de Prony, na aliona kwamba umri wake wote usingetosha.

Ndipo alipokutana na kitabu cha Adam Smith cha 1776, mahali pale panapoelezwa kiwanda cha pini. Mtu mmoja akitengeneza pini peke yake huenda asifikishe 20 kwa siku, lakini watu 10 wakigawana hatua za kazi wanatoa pini 48,000. De Prony akaamua kutengeneza hesabu kama pini. Juu aliweka wanahisabati wachache wa kuchagua fomula. Katikati akaweka watu saba au wanane wa kugeuza fomula hizo kuwa karatasi za maagizo. Chini akaweka makumi ya watu waliojua kujumlisha na kutoa tu.

Inawezekanaje? Chukua 1, 4, 9, 16, 25. Tofauti kati yao ni 3, 5, 7, 9. Tofauti za hizo tofauti ni 2, 2, 2. Basi ukiongeza 2 kwenye 9 unapata 11, ukiongeza 11 kwenye 25 unapata 36, nawe hujazidisha kitu. Mtu anayejua kujumlisha anaweza kuendelea hivyo mwaka mzima bila kujua anahesabu nini. Nilipolielewa hili nilicheka peke yangu, maana hiyo ni programu kabisa! Karatasi ni kodi, na watu wa chini ni prosesa.

Husimuliwa kwamba wengi wa hao wa chini walikuwa wasusi waliopoteza kazi. Mapinduzi yaliondoa makabaila na mitindo yao ya nywele, na wateja wengine waliondolewa pamoja na vichwa. Wasusi hao wakajaza majuzuu 17 makubwa kwa mkono.

Mwingereza Charles Babbage aliifahamu kazi hiyo, na katika kitabu chake cha 1832 kuhusu mashine na viwanda aliieleza kwa kirefu. Hoja yake ilikuwa rahisi: kama kazi ya kundi la chini haihitaji kuelewa, gurudumu la meno linaweza kuifanya. Serikali yake ilitumia pauni 17,000 hivi kwenye mashine hiyo, kisha ikajitoa mwaka 1842 bila mashine kukamilika. Lakini angalia alianzia wapi. Hakumgusa mwanahisabati wa juu. Alimwendea msusi, ambaye kazi yake ilikuwa imekwisha kukatwa.

Mashine ikachelewa miaka mia moja, na kompyuta wakaendelea kuwa watu. Huko Harvard walikuwa wanawake wakisoma picha za nyota. Mmoja wao, Henrietta Leavitt, alilipwa senti 30 kwa saa. Aligundua uhusiano kati ya mwangaza wa aina fulani ya nyota na muda wa kubadilika kwake, jambo lililowapa wanaastronomia njia ya kupima umbali wa mbali sana. Tangazo la 1912 lilitoka kwa sahihi ya bosi wake, ingawa mstari wa kwanza ulikiri kwamba aliyeliandaa ni Leavitt.

Kisha ENIAC ikazinduliwa mwaka 1946. Njia ya kombora moja, iliyomchukua mtu saa 30 au zaidi akiwa na kikokotoo cha mezani, ikawa kazi ya nusu dakika hivi. Walioipanga mashine hiyo ni wanawake sita waliotolewa miongoni mwa kompyuta wenyewe. Hapa ndipo watu wa "jifunze teknolojia tu" hupiga makofi, nao humtaja pia Dorothy Vaughan wa Langley, aliyeongoza kitengo cha kompyuta weusi, akajifundisha FORTRAN na kuwafundisha wenzake. Ni kweli, na namheshimu sana mama huyo. Ila kitengo chake kilipofungwa mwaka 1958, hakupewa tena cheo cha uongozi mpaka alipostaafu. Na kwa kila mmoja wa wale sita, kulikuwa na wengi waliobaki na vikokotoo vyao.

Sasa turudi nyumbani. Januari 2023 jarida la Time liliripoti kwamba wafanyakazi wa Nairobi walikuwa wamesoma na kuweka alama maandishi ya ukatili, ili ChatGPT ijifunze kuyakwepa, kwa kati ya dola 1.32 na dola 2 kwa saa. Senti 30 za Leavitt zingekuwa zaidi ya dola 8 leo. Hilo ndilo kundi la tatu la de Prony, na safari hii liko mwendo wa matatu moja kutoka kwangu. Mwezi wa Mei mwaka huohuo, wasimamizi wa maudhui zaidi ya 150 walikutana hapa Nairobi wakapiga kura kuunda chama chao cha wafanyakazi. Katika yote niliyosoma kuhusu wasusi wa Paris, sijaona mahali walipofanya hivyo.

Mimi nami Jumatatu asubuhi hufungua orodha ya tiketi zangu. Kila moja imekatwa ndogo iwezekanavyo, na maelezo kamili yameandikwa na mtu mwingine: badilisha hiki, ongeza kile, usiguse pale. Nimeanza kuzipanga upya kwa rafu mbili: zile zinazonidai nielewe mteja anataka nini, na zile ambazo msusi angezimaliza. Wiki iliyopita rafu ya pili ilikuwa na tiketi 11 kati ya 14.