Nasaba ya Mazrui wa Gazi na Tatizo la Jina la Tatu

Nasaba ni utanzu ambao wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wamewaachia wanahistoria kwa muda mrefu, nao wanahistoria wakautumia kama ghala la majina. Aghalabu hudhaniwa kwamba mnyororo wa "bin" hauna mtunzi wala dhamira. Mfano wa Mazrui wa Gazi, kijiji kilichopo kusini mwa Diani katika njia ya Msambweni, waonyesha vinginevyo.

Waomani waliitwaa Ngome ya Yesu kutoka kwa Wareno mwaka 1698, na baadaye Mazrui wakashika uliwali wa Mombasa. Albusaidi walipopata utawala wa Omani katika miaka ya 1740, Muhammad bin Uthman al-Mazrui alikataa kuwatambua. Mombasa ikawa mikononi mwa ukoo huo hadi 1837, Seyyid Said alipomkamata Rashid bin Salim pamoja na jamaa zake na kuwapeleka Bandar Abbas. Miongoni mwa waliosalia, wengine walikwenda kaskazini, Takaungu, na wengine kusini, Gazi.

Mapema mwaka 1895 Salim bin Khamis, mkuu wa Takaungu, alifariki. Kampuni ya Imperial British East Africa ikamtambua mwanawe, Rashid bin Salim. Mtoto wa ami yake aliyemzidi umri, Mbaruk bin Rashid, alijiona amedhulumiwa, akaasi, kisha akapata hifadhi Gazi kwa Mbaruk bin Rashid. Msomaji asidhani kwamba mtu huyu alijihifadhi mwenyewe. Wa Takaungu ni Mbaruk bin Rashid bin Khamis. Wa Gazi ni Mbaruk bin Rashid bin Salim, na babake ni yule Rashid bin Salim aliyekamatwa mwaka 1837, wala si Rashid bin Salim aliyetambuliwa na Kampuni. Majina mawili yanamtaja mtu. Ni jina la tatu ndilo linalomtambulisha. Mwandishi anayelikata ili kufupisha sentensi huwa amewaunganisha maadui au amemzalisha mtu kwa babu asiye wake.

Wenyeji walikuwa na njia nyingine: mahali palichukua nafasi ya babu. "Mbaruk wa Gazi" ni nasaba fupi iliyotosha hata katika barua za serikali. Mazrui waliopoteza Mombasa walipata katika kijiji hicho jina la kuwatofautisha. Baada ya ngome yake ya Mwele kutekwa Agosti 1895, Mbaruk aliendeleza vita hadi Aprili 1896, alipovuka mpaka na kujisalimisha kwa Wajerumani. Alifia Dar es Salaam mwaka 1910, akiwa bado ni Mbaruk wa Gazi.

Mwaka 1897, mwaka mmoja baada ya uhamisho huo, huko Marekani iliundwa jumuiya ya wazao wa abiria wa merikebu ya Mayflower, iliyofika mwaka 1620. Mwanachama hutakiwa kuthibitisha kila kizazi kwa hati. Ulinganisho huu una faida moja: huko mama huhesabika kama kiungo cha ukoo sawasawa na baba. Katika mnyororo wa "bin" mama hayumo. Sheria ya Kiislamu humpa mtoto wa suria uungwana na nasaba kamili ya baba, na kwa hiyo mnyororo unaweza kupita juu ya mama mtumwa bila kuacha alama yoyote. Ukimya huu ni uteuzi wa kifani, na mhakiki hana budi kuusoma hivyo.

Jirani wa Gazi na Diani, yaani Wadigo, walihesabu kwa upande wa pili. Fuko la Mdigo lilipitia kwa mama, na mrithi alikuwa mpwa. Mifumo hii miwili ikikutana katika nyumba moja hutokea jambo la ajabu. Mtoto wa baba Mazrui na mama Mdigo ana nasaba mbili kamili, kwani kila upande unamdai na hakuna unaompinga mwenzake. Mtoto wa baba Mdigo na mama Mazrui, kwa kanuni hizo hizo, hadaiwi na yeyote. Sharti la kafaa katika ndoa, lililomzuia binti kuolewa na asiye hadhi yake, lilihakikisha kwamba mtoto wa namna hiyo hazaliwi kwa urahisi. Uislamu ulipoenea miongoni mwa Wadigo, ugomvi wa mwana na mpwa juu ya minazi na mashamba ukawa pia ugomvi wa tanzu mbili za usimulizi.

Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui (1891–1947) aliandika kwa Kiarabu historia ya utawala wa ukoo wake Mombasa, akafariki kabla ya kuikamilisha. Ilichapishwa pamoja na tafsiri ya Kiingereza mwaka 1995. Kitabu hicho husomwa kama ushahidi wa matukio. Kinastahili kusomwa pia kwa namna kinavyopanga majina: nani anatajwa hadi babu, nani anaachwa kwa jina la baba tu, na wanawake gani wanapata kutajwa.